Tiria na Visanduku vya Ukoo

Brendan, bosi wa Tiria, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda vitu vilivyo tayari, na tabia hiyo ndiyo iliyompandisha Tiria mori.

Ofisi yao ya programu mjini Rotorua ilikuwa ikitengeneza ukurasa wa nasaba ya ukoo wa Tiria mwenyewe: kisanduku cha babu, ndani yake visanduku vya watoto, ndani ya hivyo vya wajukuu. Yeyote wa ukoo akibadilisha jina, linabadilika papo hapo kwa kila anayetazama. Visanduku vyote vilitokana na kipande kimoja cha programu, kinachotumika tena na tena. Brendan alikichukua mtandaoni, kwa kuwa kilikuwa tayari.

Mama Huhana akaja kukagua. Ndiye aliyemlea Tiria tangu uchanga. Aliyemzaa ni Wikitoria, mdogo wake Huhana, yuko Perth. Wala si siri, kwao watoto wengi hulelewa hivyo.

"Umo kwangu, vizuri," Mama akasema. "Jitie na kwa Wikitoria."

Tiria akajiweka kwa Wikitoria. Palepale kisanduku cha Huhana kikabaki kitupu.

"Ala! Umekwenda wapi?"

"Kimenihamisha, Mama."

"Kwa hiyo mimi nililea upepo? Homa zote zile, na huo mdomo wako, nililea upepo?"

Brendan akasogea na kahawa yake. "Kila kisanduku kina mzazi mmoja, ndivyo kilivyoundwa. Tutaandika pembeni: mlezi."

"Pembeni kaa wewe! Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," Mama akamkatiza.

"Basi tumnakili, awe mara mbili."

"Ili nikifa," Tiria akafoka, "mnizike kwa mama mmoja, kwa mwingine niendelee kudunda? Mama ninao wawili, mimi ni mmoja. Kama kipande chako hakilijui hilo, ni kijinga!"

"Uzinduzi ni Jumamosi, Tiria."

"Basi nipishe nifanye kazi."

Akakivunja kipande chote. Akawatoa watu ndani ya visanduku, kila mmoja akamhifadhi mara moja tu, mahali pamoja. Visanduku vikabaki kunyoosha kidole tu: mwanangu ni yule pale. Kibodi aliitwanga kama kisamvu.

Jumamosi ukoo ulijaa kwenye marae, ukumbi wao wa mikutano, ukurasa ukamulikwa ukutani. Tiria kwa Huhana, Tiria kwa Wikitoria. Mama Huhana akajifuta macho.

Mara jina likageuka, kote kuwili: Rose. Ndilo alilopewa na Wikitoria alipozaliwa, na Wikitoria alikuwa Perth akitazama, mkono kwenye kompyuta yake. Huhana akanyakua kibodi. Tiria. Rose. Tiria. Rose. Watu wakavunjika mbavu.

"Acheni!" Tiria alipiga kelele huku machozi yakimtoka. "Nyote wawili, toeni mikono! Hili jina ni langu!"

Akamnyang'anya Huhana kibodi. Akaandika mwenyewe: Tiria Rose. Halafu akakifunga kisanduku, asikibadilishe mtu mwingine.

Mama Huhana alilisoma jina hilo, akaukaribia ukuta kana kwamba Perth iko nyuma yake.

"Umeona, Wikitoria?" akasema kwa sauti. "Langu limetangulia."