Nafasi ya Kaka Kwenye Mfuko wa Dhoruba

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtu wa namna hiyo humwambii akanunue begi. Redio ilipotangaza kwamba kila nyumba iandae mfuko wa dharura kabla ya msimu wa dhoruba, yeye alikata turubai akashona wake, mpana, wa kubeba mgongoni. Ndani akaugawa sehemu nne: ya mama, ya kwake, ya binti yake, na ya kaka yangu.

Kaka alikwenda mbali kutafuta kazi. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye mara mojamoja, mwishowe namba ikawa haipatikani. Mvua zimekuja na kupita, na mkewe bado anamwekea nafasi.

Nilikwenda kumsaidia kupakia. Tochi na betri, kiberiti ndani ya kopo lenye mfuniko, biskuti, dawa za presha za mama, vyeti vilivyofungwa kwenye nailoni. Hapo sikuwa na neno. Kisha akashindilia suruali za kaka, sweta lake, na viatu vyake vya kazi vizito kama matofali. Maji yakabaki chupa moja ndogo, kwa watu watatu. Nikamuuliza kama viatu siku hizi vinanyweka. Akanuna.

Akajaribu kuubeba. Hatua chache tu, akakaa chini, jasho linamtoka. Na kutoka pale hadi shule tunayokimbilia maji yakijaa si karibu, tena mkono mmoja lazima umshike mama. Hasira zikanipanda. Kaka ni wangu pia, nikiwa peke yangu namlilia, lakini mama hawezi kushinda na kulala bila maji. Nikaropoka kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Wifi akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Mama alikuwa amelala upande wa pili wa pazia, kumbe anasikia kila kitu.

"Toa vitu vya mwanangu," alisema. "Weka maji."

Wifi akavitoa kimoja kimoja, akavikunja upya taratibu, akavirudisha kabatini. Mahali pake tukapanga chupa chache za maji, ambazo uzito wake haukufikia wa vile viatu. Mfuko sasa ulibebeka, lakini yeye alibaki amesimama, ameushika mkanda.

"Mama, akirudi akakuta tumefunga mlango, atatutafuta wapi?"

Nikasema tuandike mlangoni kwa chaki. Akasema mvua itafuta, na wino nao hauamini. Akaokota kipande cha turubai kilichobaki, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akaanza kushona herufi kubwa kubwa: TUKO SHULENI. Mama akaomba asogezewe kiti, akawa anafuata sindano kwa macho. Herufi ya mwisho ilipokamilika, wifi akachukua mkasi akate uzi. Mama akamshika mkono.

"Usikate kwanza, mwanangu. Ongeza kwamba mama yake bado yupo."