Transista Mbili na Feni ya Mama

Nakumbuka mchana mmoja wa joto, mwanangu, nimechuchumaa kando ya kitanda cha mama nyumbani kwetu Mbugani, mkononi kipimio cha umeme, kichwani sielewi kitu. Nikichomoa feni, kipimio kinasoma volti kumi na mbili, sawasawa kabisa. Nikiichomeka, volti zinaporomoka na feni inagoma. Jamani, umeme unakwenda wapi?

Mama alikuwa ametoka kupasuliwa. Nesi alisema kidonda kisilowe jasho, na joto la Kyela unalijua. Mjomba akatuletea feni ya gari kutoka Kasumulu. Mimi nilikuwa najifunza ufundi redio, nikatoa adapta yangu yenye swichi: volti sita feni iende polepole usiku, tisa za asubuhi, kumi na mbili za joto la mchana. Volti zilikuwepo, ila mkondo ulikuwa mdogo, hauwezi feni kubwa namna ile.

Nikaleta betri ya gari na transista nene, kile kipuri cha miguu mitatu, ibebe mkondo wa betri, adapta iiongoze tu. Feni ikazunguka! Lakini transista ikapata moto hata kugusika haigusiki. Nikasema, kidole kimoja hakivunji chawa, nikaweka ya pili ubavuni mwake, aina ileile, duka lilelile, wasaidiane. Wapi! Moja inaunguza, nyingine baridi kama mtungi. Ile ya moto ikaungua pamoja na waya wao wa shirika, feni ikasimama, mama akaanza kulowa. Nikanunua nyingine, nayo ikaungua vilevile. Ile baridi imekaa tu.

Nikaitukana, "Mvivu wewe, kama Tusa!"

Tusa ni mdogo wangu. Siku zile nilimwogesha mama mimi, nikapika mimi, nikalala mkekani chini ya kitanda chake mimi, na Tusa amekaa barazani anasuka nywele. Nilikuwa na hasira naye, sikufichi. Na usingizi ulikuwa umenipiga mpaka nachanganya nyaya.

Nikaenda kwa Mzee Saidi, muuza vipuri, ambaye wazee wake walitoka pwani. Nikamwamkia, nikamwambia nataka transista nzima badala ya hii mbovu. Akaichukua ile baridi, akaifunga peke yake, akachomeka feni ya dukani kwake. Ikazunguka vizuri tu! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

"Binti, hapa hakuna mvivu," alisema akicheka. "Mwenzake ana haraka kidogo. Akibeba anapata moto, akipata moto anazidi kubeba. Sasa huyu abebe nini, na kila kitu kimeshachukuliwa?"

Akanipa rizista mbili ndogo, niunge moja kwenye mguu wa kila transista, zimzuie yule mwenye haraka. Mimi nilijua rizista inapunguza mkondo. Sasa kizuizi kitaongezaje nguvu? Nikaunga hivyohivyo, kichwa kinazunguka kuliko feni yenyewe. Nikagusa transista zote mbili: vuguvugu, sawa kwa sawa.

Jioni Tusa akasimama mlangoni na beseni la maji. "Dada, leo nimwogeshe mama mimi?"

Nikafungua mdomo kusema, "Lete hapa, utamtonesha." Maana ndivyo nilivyomjibu siku zote. Nikaikumbuka ile transista baridi.

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwepo hapahapa. Kila nikishika beseni, unaninyang'anya."

Mama akasema taratibu kitandani, "Ndaga, Tusa, asante. Njoo mwanangu." Nikajilaza jua halijazama, nikalia kidogo, kisha nikapata usingizi ambao sijawahi kuupata tena. Kidonda kikakauka, feni ikizunguka, tukipokezana.

Mwanangu, mpaka leo sijaelewa vizuri jinsi kizuizi kinavyoongeza nguvu. Walioenda shule wakueleze. Nilichokielewa ni hiki. Kabla hujamwita mwenzio mvivu, tazama kama umemwachia cha kubeba. Wewe mwepesi wa kazi, wewe ambaye kila msiba na kila ugonjwa unaitwa wewe, jiwekee kizuizi chako kidogo: meza mate, useme, "Shika wewe." Atamwaga maji, atakosea. Mwache amwage. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wako nao, ukiung'ang'ania peke yako, utakuunguza huku mikono ya kukusaidia ipo mlangoni na beseni.

Mungu akujalie ndugu, mwanangu, na siku wakikuomba beseni, akulegeze vidole.