Mama Aliyeficha Kadi

Kwa miaka tisa dobi alikuwa akiomba apate kimya. Sasa alikuwa nacho tele, na hakuwa na la kuandika. Hilo ndilo lililomchanganya. Nyumba imetulia, redio imezimwa, meza imefutwa, kalamu tatu zimelala juu yake zikimngoja, na kichwa chake ni kitupu kama kapu la nguo Jumamosi jioni.

Usije ukadhani alikuwa mwandishi mkubwa. Alikuwa dobi. Mchana kutwa alifua na kupiga pasi katika kibanda cha bati mbele ya nyumba yake, na hata wewe ungempa shati lako jeupe ukaenda zako bila wasiwasi. Lakini kila Jumatano gazeti dogo la mji wao lilichapa kisa chake katika ukurasa wa nane, chini ya kichwa "Vituko vya Mtaa", na wateja walipoleta nguo walimwita Mwandishi. Jina hilo alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wateja wenyewe. Madobi walikuwa wengi, bwana. Mwandishi alikuwa mmoja tu.

Mkewe alikuwa karani wa zahanati. Alikaa nyuma ya kidirisha, akapokea wagonjwa na kuwatafutia kadi zao. Wiki tano zilizopita alisafiri kwenda mji mwingine kwa binti yao aliyejifungua, akamwacha mumewe na sufuria mbili na maagizo mengi. Mwanamke huyo alikuwa na tabia moja iliyomkera mumewe: wakila jioni, alikuwa haachi kuzungumza. "Leo alikuja mama mmoja," ndivyo alivyoanza siku zote. Na dobi, ambaye kwa maoni yake alikuwa anatafakari mambo mazito, alimkatiza kwa neno lilelile: "Kwa kifupi, mama watoto, kwa kifupi." Basi mama watoto alifupisha, akaondoa vyombo.

Sasa hapakuwa na wa kumkatiza fikra, na fikra zenyewe hazikuja. Wiki ya kwanza alikuwa na akiba. Ya pili alichukua kisa cha zamani akambadilisha mbuzi kuwa kuku. Ya tatu kuku akawa bata. Ya nne aliandika juu ya mvua, na mvua yenyewe haikunyesha mpaka kisa kikaisha. Hapo mhariri akapiga simu.

"Mwandishi, wasomaji wanalalamika. Kazi yako naitaka Jumatano kabla ya saa kumi, kama kawaida. Ukinipa bata tena, ukurasa wa nane nampa mtu wa chemshabongo."

"Nimekwama, mkubwa. Sijui nimepatwa na nini."

"Toka nje! Visa viko huko, kwenye maisha ya kila siku. Kaa, tazama, andika. Ni kazi hiyo?"

Dobi akafunga kibanda, akachukua daftari, akaenda kukaa mbele ya wauza mboga. Hakumaliza hata mstari.

"Unaandika nini wewe baba?" muuza nyanya alimuuliza.

"Maisha."

"Ya nani?"

"Yenu."

Mama yule akavuta kitenge akafunika nyanya zake. "Waambie waliokutuma kwamba ushuru nimelipa!" Kufumba na kufumbua safu nzima ilijua kwamba mtu wa ushuru amekuja na daftari jipya, na wenye mafungu barabarani wakaanza kuyakusanya. Dobi akaondoka akiomba radhi huku na huku. Akaingia kwa kinyozi. Watu waliokuwa wakibishana mpira mpaka kioo kinatikisika walinyamaza ghafla, wakatazama daftari, kisha wakatazamana. "Unanyoa au unapeleleza?" kinyozi aliuliza. Kwa aibu dobi akanyoa, ingawa alikuwa amenyoa juzi yake.

Alirudi nyumbani na kipara kinachong'aa na maneno matatu daftarini: nyanya, kitenge, kimya. Akayatazama na kuyageuza, wala hayakusema kitu. Hakuelewa. Kama visa vimejaa katika maisha ya kila siku, mbona akifika yeye vinajifunika?

Jumanne asubuhi akavuta boksi lenye visa vyake vya zamani, alivyovikata gazetini kimoja kimoja kwa miaka tisa. Nia yake, tusifichane, ilikuwa kutafuta mnyama ambaye bado hajabadilishwa. Akasoma. Wanawake wawili wa jina moja waliobadilishiwa kadi, kila mmoja akapeleka nyumbani dawa ya mwenzake. Mwanamume aliyemsindikiza mkewe kuchomwa sindano akazimia yeye. Bibi aliyekataa kutaja mwaka wake wa kuzaliwa mpaka watu wote waliokuwa kwenye foleni wazibe masikio. Akasoma kumi, akasoma ishirini, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Bibi huyu nilimwona wapi mimi?

Hakumwona popote. Alimsikia, kati ya tonge na tonge, kutoka upande wa pili wa meza.

Nyani haoni kundule. Miaka yote alidhani anaandika licha ya maneno ya mkewe. Aibu ikamshika hata akageuka kutazama mlangoni, asije akawa anaonekana. Na baada ya aibu ikaja hofu, ambayo ilikuwa mbaya zaidi: kama visa ni vya mkewe, basi Mwandishi ni nani?

Lakini mhariri hangoji mtu amalize kuona haya. Dobi akatafuta kichwani kisa chochote alichoambiwa akakipuuza, na akakumbuka jioni ya mwisho kabla ya safari. Mkewe alikuwa anapanga nguo kwenye begi. "Kuna mama mmoja pale zahanati," alisema, "ametoa kadi yake kabatini akaificha mkobani, ili daktari asimwite. Kila asubuhi anaitazama, halafu anairudisha humo humo." Yeye akajibu, "Kwa kifupi, mama watoto." Mkewe akasema basi, ni hivyo tu, akafunga begi.

Mwisho hakuujua, kwa hiyo akautunga. Aliandika kwamba mama yule alificha kadi kwa sababu ilionyesha umri wake halisi, na muuguzi wa zamu alikuwa jirani yake mpenda umbeya. Kalamu ilikimbia yenyewe. Alicheka peke yake huku akiandika, na kesho yake mhariri alipiga simu kusema, "Hapo sasa!"

Jumatano iliyofuata gazeti likatoka. Wateja walikuja wakicheka, na mmoja alimsomea mwenzake kisa chote kwa sauti huku dobi akipiga pasi suruali yake. Siku ilikuwa tamu. Ubaya wake ni kwamba saa kumi kisa kingine kilikuwa kinatakiwa, na saa tisa na nusu dobi alikuwa mezani, kichwa kitupu tena, simu ilipolia. Alikuwa mkewe.

"Hujambo, babu?" Tangu mjukuu azaliwe ndivyo alivyomwita.

"Sijambo, bibi. Mtoto?"

"Analala kutwa, kama wewe. Jirani amepiga picha ukurasa wako akamtumia binti yako. Amenisomea."

"Umecheka?"

"Yule mama hakuwa anaficha umri."

"Ah, nimetia chumvi kidogo. Mwisho sikuujua."

"Hukuuliza."

Dobi akakuna kipara. Hakujua amekosea wapi. "Kwani ni mtu tunayemfahamu? Amekasirika?"

"Baba watoto, lile kabati la kadi lina ufunguo mmoja. Anao nani?"

Alijua anao nani. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Sikuelewi," alisema, na alikuwa ameshaelewa.

"Ni uvimbe, kwenye ziwa la kushoto. Miezi minne niliogopa. Nilipofika huku binti yako akanipeleka hospitali kubwa, wamekata kinyama wakapime. Majibu ni Ijumaa."

Asubuhi nzima mji ulikuwa umemcheka mkewe, na yeye ndiye aliyeanza. Akashika meza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuambia."

Mlio mwingine ukaanza kuingia ndani ya simu. Alikuwa mhariri, saa kumi kasorobo. Ulilia mpaka ukakatika, ukaanza tena, na dobi akauacha ulie.

"Niambie sasa," alisema. "Tangu siku ya kwanza ulipougusa."

"Unaandika?"

"Siandiki."

Nyuma ya mkewe mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Ilikuwa Jumapili," alisema. "Nilikuwa naoga."