Kizingiti cha butiki ya vikwembe

Niseme kwanza ukweli ulio upande wa mwenye butiki ya vikwembe, vile vitenge vya kushona: hakupandisha kizingiti kwa ajili yangu. Ziwa lilipanda, maji yakaingia ndani ya maduka ya mji wetu wa Baraka, na kila mwenye butiki akaongeza simenti mlangoni. Yeye aliongeza kuliko wote. Miye natembeaka na kinga, baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, maana miguu yangu ilikufa nikiwa mutoto. Mwenye miguu anainua goti, anapita. Miye nabakia nje.

Wala hakunitukana. Alikuwa anatoka na kikwembe mukononi, akitabasamu: "Mama fundi, hii itakufaa." Kila mara ni kile ambacho wengine walikikataa. Siku moja nikamwambia nataka kuingia, nichague mwenyewe, nisugue kitambaa kwa vidole, nilowanishe pembe nione kama rangi inatoka.

"Weye utaingia namna gani? Tukubebe kama gunia ya mihogo?"

Bamama waliokuwa ndani wakacheka. Labda hakukusudia vibaya. Nimewaza sana juu ya hilo na bado sijui. Lakini kicheko kile nilirudi nacho nyumbani, nikakitunza.

Halafu binti yake akaposwa. Kwetu, arusi ikifika, ndugu wote wanavaa kitambaa kimoja, na mke wake anapenda mukono wangu wa kushona. Akamtuma bwana yake mwenyewe kwangu na mizigo ya vikwembe. Nilipomwona anakuja, nikasukuma kinga yangu, nikaziba nayo mlango wangu.

"Karibu, papa. Bakia tu hapo nje."

"Nipishe, mama fundi, jua ni kali."

"Apana. Modeli nakuletea hapo hapo. Hii itakufaa." Nikamnyooshea picha ya shati ya zamani, kola kubwa kama masikio ya tembo.

"Hii? Miye sivae hii! Niache nione zingine."

"Ziko ndani, papa. Weye utaingia namna gani?"

Majirani wakacheka. Jasho likamtiririka, na sitasema uongo, jasho lile lilinipendeza. Nikamwambia nitakata kitambaa siku nitakapoingia kwake na kinga yangu. Moyoni niliogopa. Mafundi ni wengi Baraka. Angebeba mizigo yake, ningekosa kazi na butiki pia.

Hakubeba. Kabla ya juma kuisha, mwashi alikuwa amemwaga simenti ya kuteremka mbele ya kizingiti cha butiki, kinga ipate kupanda.

Nikapanda. Nikaomba kile chekundu. Kisha cha juu yake. Kisha vyote vya rafu ya mwisho, na yeye juu ya kiti, akishusha. Nilisugua kila kimoja. Mama mumoja aliyetoka mji wa Misisi kununua kwa wingi akachoka kungoja.

"Mama, unachagua ya arusi yako?"

"Ndiyo. Na weye utanisimamia."

Rundo likamfika mwenye butiki kifuani. Sikununua.

"Hata kimoja, mama fundi?"

"Nitawaza, papa."

Nguo za arusi nilizishona vizuri, kwa modeli walizotaka wenyewe. Binti hakunikosea kitu. Kwa baba yake, pengine nilizidisha. Lakini kesho yake nilirudi tena, bila haja ya kikwembe. Nikapanda, nikageuka pole pole mbele yake, nikashuka.