Mzee Anayenusa Mipira ya Mafuta

Yule mzee wa duka la vipuri hapa mjini Duluth, Marekani, hunusa kwanza, ndipo aulize. Kila mpira wa kupitishia mafuta ya gari anaoletewa huupinda kwa vidole vyake vyenye nyufa, kisha huupeleka puani. Mteja mmoja, Marlys, ambaye gereji yake ya nyumbani ilinuka petroli, aliomba ule wa bei poa. "Huo ni wa magari ya zamani ya kabureta, dada. Gari lako linasukuma mafuta kwa nguvu, mpira huo utapasuka." "Mzee, nina haraka!" "Ya kwenda kuungua?" Mzee akatoka nje kwenye theluji bila koti, akachungulia ndani ya gari la Marlys, akaona kiti cha mtoto. Akarudi, akakata mpira uliosukwa waya kwa nje, akaupuliza vumbi, akampa.

Siku hizi Marlys akifungua gereji asubuhi huvuta pumzi ndefu, akamshukuru mzee yule kwa harufu ya petroli asiyoisikia tena.