Chupa Kumi Zilizomfungia Mama Nyuki Mlango wa Hoteli

Saa moja asubuhi, madirisha ya jiko yamefungwa yote na tambara limesokomezwa chini ya mlango. Nyuki wakinusa asali huifuata hadi ndani. Mama Nyuki, mwenye miaka hamsini na mitatu, anakamua masega juu ya kitambaa cheupe. Jasho linamtiririka, asali inashuka kwenye ndoo taratibu kama mtu asiye na safari.

"Asali haina haraka," anasema. "Mwenye haraka nilikuwa mimi."

Kwa miaka saba alipeleka chupa arobaini kila mwezi katika hoteli ya watalii iliyoko mlimani. Nusu zilitoka kwenye mizinga yake, nyingine kwa majirani watano, akiwamo wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Zote zilibandikwa karatasi yenye jina lake la utani.

Wageni walipaka asali hiyo kwenye mkate, wakauliza imetoka wapi, na wengine wakateremka kwa miguu kuja kuiona mizinga. Ndiyo iliyowasomesha binti zake wawili na kuezeka nyumba upya.

Miaka miwili iliyopita, mvua ilinyesha mfululizo msimu wa maua. Maua yakapukutika, mizinga ikawa mikavu. Hoteli nayo ilikuwa imefurika wageni, ikaagiza chupa hamsini. Kwa kuhangaika, zikapatikana arobaini.

"Wifi aliniambia, 'Waambie hakuna. Asali si maji ya bomba.' Mimi nikaona nikisema hakuna, watatafuta mwingine. Tamaa mbele, mauti nyuma."

Akachemsha sukari, akachanganya na asali kidogo, akajaza chupa kumi. Hakumwambia mtu.

Wiki ya pili mpishi mkuu akamwita, akamsogezea chupa na kijiko. "Mama, hebu onja."

"Nikaonja. Nikatamani sakafu inimeze."

Mpishi hakupaza sauti. Alisema tu: "Nimewaambia wageni kwa mdomo wangu kwamba hii ni asali safi ya hapa. Sasa niwaambie nini?"

Kwa kuwa chupa zote zilivaa jina moja, mlango ulifungwa kwa mtaa mzima. Leo mezani pa hoteli kuna vipakiti vya plastiki vya asali ya ng'ambo. Majirani wawili wameuza mizinga yao kuwa kuni.

Wifi, ambaye walikuwa wakipika naye chungu kimoja, hakukanyaga kwake mwaka mzima.

"Angeniibia mimi, ningemsamehe siku hiyo hiyo," anasema wifi huyo, akiwa amesimama uani kwake. "Lakini aliharibu jina la watu wasio na jina jingine."

Siku hizi Mama Nyuki anauza chupa ndogo sokoni, hazizidi nane kwa wiki. Wapo wanaomtania: "Mama, hii ni ya nyuki au ya dukani?"

"Nacheka nao," anasema. "Nikinuna, nitamnunia nani? Niliyapika mwenyewe."

Juzi alipanda mlima peke yake, chupa moja kwenye kikapu. Alisubiri kwenye lango la nyuma la hoteli saa tatu nzima, hadi mpishi alipotoka.

"Nikamwambia, 'Baba, sikuja kuuza yangu. Hii ni ya wifi yangu, nimeinunua kupitia jirani. Yeye alinikataza, mimi nikafanya. Usimhukumu kwa jina langu.'"

Mpishi alichota kijiko, akaonja. Akachota cha pili. Kisha akaahidi kuteremka Ijumaa ijayo kuikagua mizinga ya majirani, akataka kila mmoja aandike jina lake kwenye chupa zake.

Mama Nyuki alipopeleka habari hizo, wifi alimkaribisha ndani kwa mara ya kwanza tangu chupa zile kumi. Akammiminia chai. Ikapoa mezani.

Ijumaa hiyo, wifi ndiye atakayempokea mgeni. Mama Nyuki amekwisha kuamua kushinda sokoni, asije akaonekana.

"Wakichukuliwa wao, mtaa utapumua," anasema. "Yangu iache. Labda siku moja binti zangu wataipandisha mlimani kwa majina yao, watu wakiwa wamenisahau."