Ubao Uliotakata

Kabla ya kuhamia mji ule, Kibua hakuwahi kuuwazia mwili wake. Jina hilo la samaki mdogo alipewa na mama yake, muuguzi, kwa kuwa alianza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa mama alikuwa amehamishiwa zahanati ya mji huu mwingine wa pwani, wakafikia kwa bibi. Miezi ile ile kifua kikaanza kuchomoza, nyonga zikapanuka, na watu wazima ambao hawakuombwa ushauri na mtu wakaanza kuutoa bure.

"Ameshakuwa mwari huyu, bado anachezea maji?" jirani aliuliza, kana kwamba bahari ina bawabu anayeuliza umri.

Kibua alikwapua ubao wake, akashika njia ya gatini. Alichotaka ni kimoja tu: nafasi miongoni mwa vijana wa gatini waliopokezana mawimbi kwa zamu. Walimwambia aje Jumamosi, wamtazame kwanza.

Akaja. Wimbi zuri likamfuata, akapiga kasia kwa mikono, akainuka, na miguu ikamponyoka kana kwamba imepakwa sabuni. La pili, vivyo hivyo. La tatu likamtupa mchangani, kichwa chini miguu juu.

"Dada, hizo nyonga zinakuelemea!" mmoja alipaza sauti, na kicheko kikawapitia wote.

Msichana anayeambiwa kutwa kwamba mwili wake ni tatizo, hatimaye husadiki. Kibua alisadiki. Alirudi nyumbani, akauegemeza ubao kwenye ukuta wa ua, akaufunika shuka.

"Sitaki tena, bibi. Mwili huu umenigeuka. Kila nikisimama nateleza, na vijana wa gatini wanasema nyonga zinanielemea."

Bibi, aliyekuwa dobi maisha yake yote na ambaye hata sasa hakuweza kupita karibu na doa akaliacha salama, aliweka pasi chini.

"Utelezeje, na ubao nimeutakatisha kwa mkono wangu? Jana, ulipokuwa shule. Ulikuwa na mafuta yameganda juu, uchafu wa kutia aibu! Nimeyakwangua kwa kisu, nikasugua kwa maji moto na sabuni. Sasa hata uso unajiona."

Kibua alivuta shuka. Ubao ulimeta kama sahani ya wageni.

"Bibi! Ile ni nta! Ndiyo inayoshika miguu!"

"Masikini mimi. Nami nikadhani mama yako kakulea ovyo."

Kibua alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka, hasira ilikuwa imempanda, tena si kwa sababu ya ubao.

"Kwa hiyo kosa ni langu, lawama zikabebeshwa nyonga? Na wewe ukawaamini? Nyonga hizo umezirithi kwangu, mjukuu wangu. Zimebeba matenga ya nguo za mji mzima, na hata siku moja hazijaniangusha. Lete hiyo nta!"

Akapiga magoti uani. Kibua alimwonyesha, naye akaisugua nta kwa viduara vidogo vidogo, kwa bidii aliyozoea kuzipa kola za mashati, hadi ubao wote ukakwaruza kiganjani.

Kesho yake bibi alikuwa gatini, juu ya ndoo aliyoipindua. Wimbi lilipokuja, Kibua aliinuka, akapinda magoti, nyayo zikanata, nyonga zikageuka na ubao ukazifuata, mpaka ufukweni.

"Dada, zamu yako baada yangu," alisema yule kijana aliyezicheka nyonga jana, akikwepa macho yake.

"Ziulize kwanza nyonga," bibi alimpigia kelele kutoka kwenye ndoo, "kama zimekubali!"